Bomba la Pikipiki Yangu Lilivyowatoa Wari Kabla ya Wakati

Mtu mzima nimekaa kwenye mkeka wa wanawake, nimejifunga kanga ya dada yangu kiunoni, suruali yangu kaivaa mtoto wa darasa la nne, na kijiji kizima cha Nkowe kinaniangalia. Naanza na hapo ili mcheke mapema mmalize, maana nimeshachoka kusimuliwa habari zangu na watu ambao hata hawakuwepo.

Waliosababisha nawataja. Wa kwanza ni Dulla Mapele, bodaboda wa hapa Nachingwea, ndiye aliyeniuzia lile bomba la moshi. Wa pili ni fundi Chande, ndiye aliyelifunga. Wa tatu mtamjua wenyewe.

Pikipiki niliinunua ya mkononi, imepita kwa wenyewe watatu, lakini ilikuwa tulivu, inanipeleka kwenye mikorosho yangu Nambambo na kunirudisha bila maneno. Sasa dada yangu Somoe ameolewa Nkowe, upande wa Ruangwa, na mwanawe Shaibu alikuwa jandoni, siku ya kutoka imefika. Kwetu mtoto wa jando, mwari, nguo zake za kutokea analeta mjomba. (Baba anachinja mbuzi, mjomba anavisha. Mjomba asipovisha, mama wa mtoto anaulizwa kama kwao walikufa wote.) Suruali, shati jeupe, kofia, vyote nilikuwa navyo kwenye mfuko, ningeondoka tu asubuhi ile kama mtu mwenye akili zake. Nikapita kwa Chande kujaza upepo, nikamkuta Dulla.

"Mjomba wa mwari unaingia kijijini kimya kimya kama mwizi wa kuku? Funga hili bomba, wakusikie ukiwa bado mbali."

Nikaona kweli. Mambo yaliharibika hapo tu, mengine yalifuata yenyewe.

Chande akafunga, akawasha, likanguruma mpaka kuku wa mama ntilie wakaruka. Lakini kila akiachia mafuta linapiga pa! pa! Akasema, "Hili linatoa moshi haraka, kwa hiyo injini inavuta hewa nyingi kuliko mafuta. Jeti, kile kitundu cha kupitisha mafuta kwenye kabureta, ni ndogo, inataka kubwa. Ninayo nyumbani, nisubiri nikaifuate."

"Nyumbani wapi?"

"Ruponda."

Ruponda, mbali kote kule! Na jua limeshapanda. Nikamwambia fanya hivyo hivyo. Akachukua bisibisi, akazungusha skrubu ya kabureta kidogo, akainamisha sikio kama daktari, akasema, "Itakubeba. Itapiga kidogo kwenye miteremko, lakini si ndiyo raha yenyewe?" (Fundi akikuambia itakubeba, muulize mpaka wapi.)

Njia nzima najiona mfalme, watoto wananipungia, kumbe injini inachemka, bomba limekuwa kama jiko la mkaa, na mfuko wa nguo nimeufunga upande huo huo.

Sasa mjue kwamba pale Nkowe yupo Babu Nampunju mwenye gobore la zamani, na wari hawatoki mpaka alipige. Likilia, wanawake wanapiga ngoma, na walezi kule porini wakisikia ngoma wanawaleta watoto, hakuna kurudi nyuma. Dada alishamwomba, "Babu, usipige kwanza, kaka yangu yuko njiani na nguo." Babu akakubali. Kijiji kizima kilikuwa kinanisubiri mimi.

Nikafika mteremko wa mwisho, nikaachia mafuta mwendo upungue, niingie kwa heshima. PAAA! Injini ikazima palepale. Kimya. Halafu vigelegele, halafu ngoma, nikasema ala, wameshajua nimefika! Nikainua mkono, peke yangu barabarani, nawapungia watu ambao hata hawanioni.

Nikapiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi, wapi. Nikasukuma. Nafika uwanjani natweta, wari saba wameshatoka, sita wanang'aa, wamevaa na miwani ya jua juu, wa saba ni Shaibu wetu, kafunikwa kanga ya mama yake kuanzia mabegani, anatazama miguu yake. Babu Nampunju anazunguka na gobore mkononi, "Nani kapiga? Langu hili bado limeshiba baruti!" Watu wakaigeukia pikipiki yangu, na yenyewe bado inafuka.

Dada hakunifokea. Bora angefoka. "Kaka, nguo za mwanangu ziko wapi?"

Nikafungua mfuko. Shati zima, kofia nzima, suruali mguu mmoja umeungua umegandana na nailoni ya mfuko.

"Mjomba huyu kaja kuvisha au kuchoma?" akasema shangazi mmoja wa upande wa mume, wanawake wakacheka, na dada akaanza kubandua ile nailoni kwa kucha. Wazazi wetu hawapo. Kwa upande wetu pale alikuwa na mimi tu.

Nikamshika Shaibu mkono tukaenda nyuma ya jiko, nikavua suruali yangu, akaikunja chini mara nne, kiunoni nikamfunga kamba ya mfuko, shati jeupe juu, kofia, akatoka. Mimi nikabaki na kanga. Kwenda kwenye viti vya wanaume wakaniambia waliojifunga kanga wanakaa kule.

Lakini Shaibu alipopita kusalimia (na huyu mtoto alikuwa analia hata akichomwa na mwiba), alisimama mbele yangu wima, hakucheka kama wenzake. "Shikamoo mjomba. Ahsante kwa suruali." Nikaitikia marahaba nimegeuza uso.

Bomba nimelitoa, nimerudisha lile la zamani lenye kutu. Chande akiniona ananiita Gobore, na jeti yake ya Ruponda mpaka leo sijaiona. Wa tatu mmeshamjua, ndiye anayewaandikia.

Mwakani mdogo wake Shaibu naye anaingia jandoni. Nguo zake nimeshapeleka, kwa baiskeli, ziko kwenye sanduku la dada. Akaniambia, "Kaka, mpaka mwakani mtoto si atakuwa amekua?" Nikamwambia nimenunua kubwa. Wari wetu wanajua kukunja.