Ukuta Ambao Benta Hakuukandika

Kwa miaka kumi na mmoja Benta hakukandika ukuta mmoja wa sebule yake, na kijiji kizima kilimsema. Wenzake walikandika kila mwisho wa mwaka, udongo na samadi ya ng'ombe, mpaka nyumba zao zikapendeza macho. Yeye aliuacha ukuta wake umechakaa. Wengine walisema ujane umemchosha. Wenye ulimi mrefu zaidi walisema watu wa Rusinga, alikozaliwa, ndivyo walivyo. Benta aliwaacha waseme mpaka wachoke.

Ukuta ule ulikuwa na mistari minne. Wa kwanza, usawa wa goti, aliuchora marehemu mumewe Nashon kwa ncha ya panga, mwaka ule mto ulipovunja tuta la kuzuia maji mara ya kwanza ukaingia ndani. Akaukoleza kwa makaa, akaandika mwaka na jina lake. "Siku moja watatuuliza," alimwambia mkewe. Nashon alikufa bila kuulizwa. Kaburi lake liko pale uani, hatua chache kutoka mlangoni, ndiyo maana Benta hataki kusikia habari ya kuhama. Mistari mingine aliichora mwenyewe: paja, kiuno, na ule wa mwaka 2024, kifua. Mafuriko ya huku yana dharau. Jua linawaka, wingu hakuna, kumbe mvua imenyesha juu huko milima ya Kisii, na maji yanakukuta umeanika mahindi.

Tangu mwaka huo Benta hakutulia. Alizunguka nyumba kwa nyumba na karatasi za sahihi, yeye na akina mama wenzake wa kanisani. Kila baraza alisimama na swali lile lile: tuta litajengwa upya lini? Alijibiwa kwa tabasamu, kwa soda, kwa "tunalishughulikia, Mama." Mwishowe ikatoka ripoti ya injinia wa kaunti, kwamba maji kijijini humo hufika kwenye kifundo cha mguu, tena kwa siku moja tu, kwa hiyo tuta halina haraka. Kifundo cha mguu! Benta akapeleka picha, akaambiwa picha inaweza kuwa ya mahali popote.

"Basi njooni muone ukuta wangu," akawaambia mbele ya watu.

Mwenyekiti wa kamati ya bajeti akakubali, nadhani ili anyamaze. Kamati ikiridhika, tuta lingeingia kwenye bajeti ya mwaka huu. Isiporidhika, fedha zingekwenda kwingine, na mvua ingewakuta vilevile.

Siku moja kabla ya ziara alifika Beverly, mke wa mwanawe Stanley, kutoka Awendo ambako Stanley hupakia miwa kwenye malori. Alikuwa na mimba ya miezi mitano na hakuwa amewahi kukaa pale zaidi ya siku mbili. Asubuhi ya ziara Benta aliondoka mapema kwenda kuwangojea wageni barabarani, maana madereva wa serikali hawachelewi kusema wamepotea njia.

"Panga nyumba vizuri, nyathina, mwanangu," alimwambia Beverly. "Leo tuna wageni wakubwa."

Hakusema zaidi. Ukuta ule alikuwa ameutaja kwenye mabaraza mengi mno hata akadhani dunia nzima inaujua.

Walifika saa saba, Benta, mwenyekiti na yule injinia wa ripoti, nasi majirani nyuma yao. Beverly alisimama mlangoni akitabasamu, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko. Benta akaingia wa kwanza, harufu ya udongo mbichi ikampokea. Ukuta ulikuwa laini, umepambwa kwa vidole tangu chini hadi juu.

"Yawa, Beverly! Umefanya nini?"

"Nimekandika, Mama. Majirani wanakusema sana. Nikaona wageni wakubwa wasikute ukuta umechorwachorwa makaa vile."

"Ule udongo wa zamani uko wapi?"

Beverly akaonyesha uani. Alikuwa ameubandua kwa jembe, akaumwagia maji na kuukanyaga pamoja na mpya. Benta akapiga magoti pale kwenye tope na gauni lake la kanisani, akatafuta jina la Nashon. Alipata bonge moja lenye weusi wa makaa upande mmoja, hakisomeki kitu.

"Mama, nyumba yako iko sawa kabisa," injinia alisema. "Hii haijawahi kuona maji." Akacheka kidogo, na mimi mpaka leo cheko lile sijamsamehe.

Benta akarudi ndani, akaegemea ukuta mbichi, akaweka mkono kifuani. "Yalifika hapa. Andika."

"Siwezi kuandika mkono wako kwenye ripoti, Mama."

Mwenyekiti akatazama saa. Akaandika, kisha kwa adabu zake akawasomea: hakuna dalili ya mafuriko iliyoonekana. Chai hawakunywa.

Gari lilipoondoka Beverly alikuwa ameshaelewa, na alikuwa analia. Akakimbilia jikoni, akarudi na kipande cha makaa. "Nionyeshe ilikuwa wapi, Mama. Nichore upya, tuwaite kabla hawajafika barabarani."

Benta akamshika mkono. "Miaka yote hii wametuita waongo. Tukichora leo, watakuwa wamesema kweli."

Akatoka, akaketi kando ya kaburi la mumewe na lile bonge mkononi. Juu yake anga ilikuwa nyeupe, lakini upande wa Kisii wingu lilikuwa limeanza kukusanyika. Akalitazama kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akajikuta anaomba maji yaje. Yaje upesi, kabla bajeti haijafungwa, yafike kifuani, wayaone. Ndipo akamsikia Beverly ndani, akilia na ile mimba yake, na Benta akashtuka, akamsihi Mungu asiwe amemsikia.