Miche Niliyouza Bila Kunusa

Kilichonikosesha usingizi ilikuwa sifa. Mama mmoja wa Mnyuzi alinipigia simu kunishukuru. "Mwanangu, michungwa yenu inakua kama imerogwa," alisema. "Jirani yangu kapanda yake wakati mmoja na mimi, lakini bado iko magotini. Halafu hii yangu ina miiba hiyo, mbuzi hata hawaisogelei!" Nikacheka naye, nikasema alhamdulillahi, tukaagana. Ndipo nilipoanza kuiwaza ile miiba.

Kitalu chetu cha miche kiko Handeni, nilikirithi kwa baba. Huwa tunaotesha mbegu za mlimao, kwa kuwa mizizi yake inavumilia ukame. Shina likifika unene wa kalamu tunalikata na kulibebesha kijiti cha mchungwa. Kijiti kikishika, umepata mchungwa. Kikifa, mlimao unachipua chini ya jeraha, unakua haraka, unatoa miiba mikali, na asiyejua anausifu. Atakuja kujua baada ya miaka mitatu au minne, siku atakapomenya tunda.

Ndiyo maana baba hakutoa mche bila kuchuma jani moja, kulisugua kati ya vidole, kulinusa, kisha kumpa mnunuzi. "Nusa mwenyewe," alikuwa akisema. Jani la mlimao halifichi harufu yake. Vidole vya baba vilinukia majani hayo hata alipokuwa anakula, hata wiki zake za mwisho akiwa kitandani.

Mama wa Mnyuzi aliagiza miche ishirini baba akiwa hai. Alikuja kuichukua siku chache baada ya mazishi, nyumba bado ina wageni. Nilimtolea kutoka tuta la mwisho, lile ambalo baba alilibebesha mikono yake ikiwa tayari inatetemeka. Mkono wangu ulifika kwenye jani, ukarudi. Sikutaka kuisikia ile harufu siku ile. Nikampakilia miche yake, akaondoka.

Siku mbili kabla ya simu yake nilikuwa Korogwe, kwenye mafunzo ya wajasiriamali vijana. Mwalimu alitaka kila mmoja ataje nguvu yake na tabia inayobeba biashara yake. Dada muuza chapati alisimama wa kwanza. "Nguvu yangu ni mdomo," alisema. "Hata ukija kuulizia njia, utaondoka na chapati." Kaka mmoja mfyatua matofali akasema yeye anaamka kabla ya adhana. "Sema mkeo ndiye anakuamsha!" mtu akamtania kutoka nyuma, ukumbi ukacheka.

Zamu yangu ilipofika nikasema, "Mimi sitoi mche bila kuunusa." Wakanipigia makofi. Mwalimu akaandika maneno yangu ubaoni. Nami niliyaamini kabisa, maana tangu siku ile ya tuta la mwisho nanusa kila mche mara mbili, wakati mwingine mara tatu, mpaka wateja wananiuliza kama nina mafua.

Baada ya simu nilijitetea kila namna. Mchungwa nao una miiba. Huenda vijiti vyote vilishika. Tena hatajua kwa miaka mingi. Lakini kila nilipoinama kitaluni nilihisi mtu amesimama nyuma yangu, amenyoosha mkono, anangoja jani. Nikigeuka, naona viriba vya miche tu. Na kule Mnyuzi miti ile ilikuwa inaongezeka urefu, kila siku, nikiwa macho au nimelala.

Kilichonimaliza ni wazo moja. Siku mama yule akimenya limao, hatanilaumu mimi. Atasema, yule mzee wa Handeni alinidanganya.

Asubuhi iliyofuata nilichagua miche ishirini, nikainusa mmoja mmoja, nikaifunga na kupanda gari la Korogwe, kisha bodaboda hadi Mnyuzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Mbona hukusema unakuja? Na hiyo miche ya nani?"

Nilimweleza nikiwa bado nimesimama, kabla hajanikaribisha kiti. Kisha nikaomba ruhusa, tukaenda shambani. Jani la mti wa kwanza: limao. Wa pili: limao. Wa tatu ulikuwa mchungwa, nikapumua. Tulipomaliza mstari wote, kumi na mmoja ilikuwa milimao. Vidole vyangu vilinukia kama vya baba, na safari hii sikuvifuta.

"Mimi nimekusifia mpaka msikitini," mama alisema, mikono kiunoni. "Jirani yangu nimemcheka. Sasa huyo nitamwambia nini?"

"Mwambie nimekosea mimi, mama. Si baba."

Alilisukuma jembe kwa mguu mpaka likanifikia. "Haya. Anza na huo mrefu."

Ulikuwa umenizidi kimo. Nilichimba mpaka mizizi ikaachia. Kabla sijaweka mche mpya shimoni nilichuma jani, nikalisugua, nikamnyooshea.

"Nusa mwenyewe," nikasema.