Karatasi Mbili za Fundi Hakika

Fundi Hakika hakupewa jina hilo na mama yake. Walimpa mafundi wenzake wa lifti, kwa sababu katika miaka ishirini na sita ya kazi hakuwahi kuambiwa jambo asiulize, "Una hakika?" Ukimwambia ni saa nne, atatazama saa yake, kisha ya ukutani, kisha atauliza ile ya ukutani ilirekebishwa na nani. Mkewe husema mume wake akinunua maziwa hutaka kwanza kumhoji ng'ombe.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyesahau kuzima umeme.

Ilikuwa wiki tatu nyuma, kwenye jengo la ofisi la ghorofa tisa. Yeye alikuwa juu, katika chumba cha mashine. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye Hakika alimfundisha kazi mwenyewe, alikuwa chini kabisa shimoni akisafisha mafuta. Mafundi wa lifti wana mtindo wao wa tangu zamani: aliye chini hamwulizi mwenzake "Umezima?" Mtu akiulizwa hivyo, mdomo hujibu "nimezima" kabla mkono haujagusa swichi. Huulizwa, "Umeshika nini?" Aliye juu kama hana mkononi ufunguo wa swichi kuu, ambao hutoka ikiwa imezimwa tu, hana la kujibu. Siku hiyo walikuwa wakikimbizana na muda. Shemeji akapiga simu, "Umezima, eh?" na Hakika akajibu, "Nimezima."

Hakuwa amezima. Mtu wa ghorofa ya chini akabonyeza kitufe, lifti ikashuka, na shemeji akalala chali kwenye mafuta machafu, akaiona ikisimama shibiri moja juu ya uso wake.

Hakuumia. Walikubaliana wasimwambie mtu, hata mke wa Hakika. Lakini tangu siku hiyo Hakika halali vizuri, na mikono humtetemeka akikaribia swichi. Ofisi ikijua, itamwondoa kwenye lifti, na kazi nyingine haijui. Ofisi isipojua, shemeji ataendelea kushuka shimoni huku juu yake kuna mkono unaotetemeka. Hilo la pili hakupenda kulifikiria.

Ndipo zikaja karatasi. Binti mmoja mwenye miwani alifika karakana na bahasha, akasema anafanya utafiti wa afya ya akili kazini, kila mtu ajaze, na asiandike jina. Hakika aliposikia habari ya kutoandika jina, akaigeuza karatasi yake mbele na nyuma akitafuta alama ya siri. Kwa nini karatasi zije sasa? Karakana ilikuwapo miaka yote hiyo na akili zao zilikuwamo humo humo, hakuna aliyewahi kuziulizia hali. Akamtazama shemeji yake upande wa pili wa meza. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea.

Swali la kwanza liliuliza: "Je, unakubali kwamba unaendelea vizuri na unaimudu kazi yako bila wasiwasi?" Chini yake visanduku viwili, ndiyo na hapana. Yaliyofuata yalikuwa ndugu zake. Hakika alitia alama kwenye ndiyo kumi mfululizo, akashusha pumzi. Kisha pumzi ile ile ikaanza kumtia shaka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na swali hili lilikuwa limejitembeza hadi mlangoni kwake likiwa limebeba na jibu.

Alipopita nyuma ya shemeji kwenda kurudisha kalamu, alichungulia. Karatasi ya shemeji ilisema kitu kingine kabisa: "Katika siku kumi za kazi zilizopita, ni siku ngapi uliogopa ukiwa kazini?" Ilikuwa na visanduku kuanzia sifuri hadi kumi. Hakika alimshika mkono, akampeleka nyuma ya stoo, penye kamba za chuma zilizoviringishwa.

"Shemeji, umewaambia nini hawa?"

"Nani?"

"Usinizungushe. Yangu inanibembeleza, yako inahesabu siku. Wamejuaje kwamba wewe una siku za kuhesabu?"

"Sijafungua mdomo mimi. Nimepewa karatasi, nimejibu."

"Umejibu ngapi?"

Shemeji alijifuta mikono kwa kitambaa, ingawa haikuwa michafu. "Kumi."

"Pole. Ndiyo, shimo linatisha baada ya lile."

"Shimo sijawahi kuliogopa, shemeji." Akakikunja kitambaa. "Naogopa ukiwa juu."

Hakika aliona aibu kiasi cha kukosa pa kuweka macho. Na kama ilivyo kawaida ya mtu mwenye aibu, akatafuta wa kumlaumu. Alimkuta binti wa miwani akipanga bahasha zake.

"Binti, mbona karatasi ni za aina mbili, yangu ya ndiyo na hapana, nyingine ya siku? Nani amekuelekeza nani apewe ipi?"

"Hakuna, baba. Nilizichanganya kama karata. Tunataka kuona kama namna ya kuuliza inabadilisha majibu."

"Una hakika?"

Binti hakukasirika. Alisema wote wameshajaza, kwa hiyo anaweza kumweleza. "Waliopata kama yako ni kumi na wawili. Kumi na mmoja wamesema wako sawa. Waliopata ile ya siku ni kumi na wawili pia. Wanane wameandika siku tatu au zaidi. Na wote mnafanya kazi hapa hapa."

Hakika alikumbuka "Umezima?" na "Umeshika nini?" Alihisi kama mwalimu aliyeanguka mtihani alioutunga mwenyewe.

"Nipe ile nyingine niijaze," alisema.

"Siwezi, baba, nitaharibu utafiti. Na hata ukijaza, haina jina. Haitamsaidia mtu yeyote humu. Anayetaka kusaidiwa itabidi aseme mwenyewe."

Alimkagua binti usoni akitafuta hila. Hakuiona, na hilo lilimuudhi kuliko kama angeiona.

Asubuhi iliyofuata aliingia kwa msimamizi kuchukua kazi ya siku. Msimamizi alikuwa akiandika bila kuinua kichwa.

"Fundi, leo mko hospitali, lifti ya wagonjwa. Wewe juu, shemeji yako chini, kama kawaida. Uko sawa, si ndiyo?"

Ndiyo ilikuwa imeshafika kwenye meno. Kupitia dirishani Hakika alimwona shemeji uani, kofia ngumu kichwani, akipakia vifaa garini.

"Hapana," alisema. "Siko sawa."

Msimamizi aliinua kichwa. Hakika akaeleza habari ya swichi, ya usingizi, na ya mikono, akaiweka hiyo mikono juu ya meza ili ionekane. Msimamizi aliitazama, akaweka kalamu chini, akaenda kufunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

Swali hilo Hakika hakuliamini hata kidogo. Lilinuka mtu anayetafuta wa kuadhibu. Hata hivyo alilijibu.

"Shemeji yangu. Anajua tangu siku ile. Na kila siku nikimwambia shuka, anashuka."