Tulivyompikia Kapteni keki ya harusi ya orofa saba wakati unga ulitosha orofa moja (Kampala, enzi za jeshi)

Wakuu, wakubwa zangu humu shikamooni, na wadogo zangu marahaba kabla hamjaniamkia.

Mimi ni bibi mwenye wajukuu. Akaunti hii nilifunguliwa na mjukuu wangu mmoja aliyechoka kunisikia sebuleni. Alisema, "Bibi, hiyo ya keki waambie watu wa mtandaoni, sisi tushaielewa." Basi nawaletea kama ilivyokuwa. Sikuongeza chumvi, ilikuja na chumvi yake.

Juzi nimesoma uzi wa kijana analalamika kwamba ofisini kwao hakuna teamwork, watu hata hawasalimiani. Nikacheka peke yangu. Mwanangu, wewe hukufanya kazi bekari yetu.

Ilikuwa Kampala, miaka ya sabini, jeshi ndilo serikali. Wahindi walikuwa wameshafukuzwa na maduka yao wakagawiwa wanajeshi na jamaa zao. Matajiri hao wapya tuliwaita mafuta mingi.

Bekari yetu ilimwangukia Kapteni mmoja, mrefu kama mlingoti, ambaye kuhusu mkate alijua jambo moja tu: kwamba unaliwa.

Wafanyakazi tulikuwa wanne.

Mzee Kalori alikuwa mtu wa tanuri. Mlango wa tanuri ulikuwa wake peke yake. Mkate ungeweza kuungua yeye akiwa msalani, na bado ole wako uufungue.

Unga ulikandwa na Namusoke, mwanamke wa Masaka mwenye mikono ya bondia. Hakuwa anamsemesha Kalori tangu siku mzee alipomwambia unga wake una mabonge.

Drani, mtu wa Arua, aliendesha gari la mikate na kutengeneza makasha ya mbao ya kuibebea. Yeye aligombana nasi wote kwa zamu, bila upendeleo.

Na mimi Zamu, binti wa Kinubi wa Bombo, nilipamba keki. Nilikuwa na meza yangu pembeni, imefunikwa kitambaa. Aliyegusa kitambaa kile alinijua.

Basi mkate ukiharibika, Kalori anasema ni unga. Namusoke anasema ni tanuri. Drani anasema yeye ni dereva. Mimi nasema mimi ni wa keki, mkate haunihusu.

Tukaenda hivyo mpaka Kapteni alipopata mchumba.

Aliingia asubuhi, fimbo kwapani. "Nyinyi watu ya bekari! Jumamosi mimi naoa. Nesi ya hospitali ya Mulago. Nataka keki ya orofa saba. Brigedia mwenyewe anakuja."

"Ndiyo, afande," tukaitikia. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza sisi wanne kusema neno kwa pamoja.

"Kama iko sita..." Hakumaliza. Siku zile watu wa aina yake hawakuwa na haja ya kumaliza sentensi. Mwenye duka la viatu jirani yetu alibishana na mmoja wao, akapakiwa kwenye gari, na duka likabaki na viatu dirishani. Tulikipita kioo kile kila siku. Kwa hiyo mkisoma mkacheka, chekeni, lakini jueni sisi hatukuwa tunacheka.

Alipotoka tukafungua stoo. Tupu.

Na aliyeimaliza ni nani? Kapteni mwenyewe! Unga na sukari alikuwa amevipakia kwenye lori vikaenda kwa watu wa magendo kule soko la Owino. Sasa nani amwendee amwambie, "Afande, keki yako umeiuza"?

(Vijana, hamwezi kuielewa sukari ya siku zile. Mtu akikukaribisha chai tamu, unaanza kujiuliza anataka nini kwako.)

Tukagombana kwanza, maana ndicho tulichokijua. Kalori akamlaumu Namusoke, Namusoke akamlaumu Drani, Drani akanigeukia mimi.

Kisha Namusoke akakaa juu ya gunia tupu akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Banange, jamani! Yaani tutakamatwa pamoja, tutakaa selo moja, na bado hatusemezani?"

Akamgeukia Kalori akamwamkia kwa Kiganda, polepole, kama mtu anayeonja maji ya moto. Mzee akaitikia. Akakohoa. Kisha akaenda nyuma ya tanuri, akachomoa tofali, akatoa paketi ya sukari.

Tukamkodolea macho.

Namusoke naye akainuka akatoa debe la unga alilolificha chini ya kuni. Drani akaenda kwenye gari akarudi na siagi na mayai, vyote vilikuwa kwenye sanduku la spana. Na mimi nikaenda mezani kwangu nikafunua kitambaa. Mnaokisia sukari ya unga mmepatia.

Kumbe stoo haikuwa tupu kabisa. Ilikuwa imetawanyika.

Tukarundika vyote pamoja, Namusoke akavipima kwa macho. "Orofa moja," akasema. "Nikijibana sana, moja na nusu."

Drani alikuwa anayatazama makasha yake ya mikate.

"Nyinyi fanya hiyo moja," akasema. "Mimi naweza kufanya sita."

"Sita za nini?" Kalori akauliza.

"Za mbao."

Wakuu, sijapata kuona watu wakifanya kazi vile. Drani alikata na kupiga randa, kasha kubwa chini, dogo juu. Namusoke akapika uji mzito wa muhogo, tukazipaka mbao kwanza ili icing yangu ishike na isimalizike. Na Kalori, sikieni hili, Kalori alimwambia Namusoke, "Njoo ufungue tanuri, utazame mwenyewe kama imeiva." Namusoke alinikazia macho kwanza, kana kwamba mimi ndiye nitakayesema kama amesikia vizuri.

Keki ya kweli tuliiweka orofa ya tatu kutoka chini, maana tulipima kwamba hapo ndipo mkono wa Kapteni utafikia akiinua upanga. Nikaiwekea ua jekundu. Tulifanya hata mazoezi. Drani, kwa urefu wake, akawa Kapteni na kijiti mkononi, na Mzee Kalori akawa bibi harusi, kitambaa changu kichwani. Mzee aliringa mpaka tukamwambia basi.

Jumamosi mchana tukaifikisha ukumbi wa kambi salama. Nyeupe, ndefu, nzuri mpaka mimi mwenyewe nikaisahau siri yake.

Tukatoka kidogo kurudisha gari nyuma. Tuliporudi tukakuta askari wawili wenye bidii wameipandisha meza juu ya masanduku, ili wageni wa nyuma nao waone.

Ua jekundu sasa liko usawa wa pua ya Kapteni.

Hatukupata nafasi ya kuishusha. Bendi ikapiga, maharusi wakaja, Kapteni akachomoa upanga, akamshika bibi harusi mkono, akachoma pale mkono ulipofika. Orofa ya pili.

KO!

Bendi ikanyamaza. Brigedia akaacha kutafuna. Kapteni akautazama upanga, akaitazama keki, kisha akanitazama mimi.

Hapo hatukuwa tumepanga kitu, wakuu. Naapa. Mzee Kalori alisogea mbele, kofia mkononi, akapaza sauti, "Afande amebisha hodi!"

Kabla hajafunga mdomo Namusoke akapiga vigelegele vya kupasua masikio. Na kutoka nyuma ya meza ikaja sauti nyembamba ya mama wa nyumbani, "Karibuuu!" Alikuwa Drani, jitu lile lote, amechuchumaa nyuma ya keki.

Nami nikasikia mdomo wangu unasema, "Nyumba ya ndoa haiingiwi bila kubisha, afande. Mwenyewe ameshakuitikia. Mlango ni huu hapa." Nikamwonyesha ua.

Bibi harusi akaangua kicheko, Mungu ambariki yule nesi. Akauvuta upanga juu na mkono wa mumewe, ukazama kwenye keki laini kabisa. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Tukadhani yameisha. Brigedia akasimama, akasema na yeye anataka kubisha! Akaja akagonga orofa ya chini kwa ngumi. Ko, ko.

Sauti nyembamba ikajibu, "Tumelala, rudi kesho!"

Brigedia alicheka mpaka akashikiliwa na watu wawili.

Namusoke akakata vipande vyembamba kiasi kwamba ungeweza kusoma gazeti kupitia kwavyo, kila mgeni akapata. Kalori na Drani wakazibeba orofa zilizobaki mbio mbio, huku mzee anawatangazia watu kwamba zinahifadhiwa mpaka mtoto wa kwanza azaliwe.

Jumatatu Kapteni akaja bekari. Akatupanga mstari.

"Ile mambo ya hodi. Ilikuwa wazo ya nani?"

Mimi nikajua hapa ndipo tutarudia ya zamani, kila mtu na kidole chake kwa mwenzake. Nikasubiri. Hakuna kidole kilichoinuka.

"Letu, afande," akasema Namusoke.

"Letu," wakasema wengine, na mimi nikiwemo.

Kapteni akatutazama mmoja mmoja. Akaenda mlangoni, akachungulia nje kama kuna mtu, akarudi na kushusha sauti.

"Rafiki yangu Meja anaoa mwezi kesho. Na yeye ameuza unga yake yote. Nyinyi fanya kama yangu, lakini kwake weka milango mingi."

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Fundisho nililolipata ni hili: kufanya kazi na watu si lazima mpendane. Namusoke na Kalori waligombana tena, na Drani hakubadilika hata kidogo. Ila tangu siku ile mtu akianza jambo, mwenzake alilidaka kabla halijaanguka chini. Pale ukumbini mmoja wetu angechelewa kidogo tu, nisingekuwa hapa nikiwachosha kwa maneno.

Haya, uwanja ni wenu. Nani humu amewahi kuokolewa kazini na mtu ambaye hata salamu alikuwa hampi? Na wale mtakaosema bibi anadanganya, karibuni pia, ila mje na hoja.