Nilibonyeza Jibu la Juu, Sasa Wananiita Msaliti

Admin, jina langu weka mfukoni. Lakini waambie wafuasi wako anayeandika ni kijana wa miaka ishirini na mbili, mpakia miwa hapa Awendo, mrefu, mweusi, na kwa vita vya simu wa kunipiga hajazaliwa. Shule niliacha darasa la sita. Hilo la mwisho hakuna mtu wa grupu letu analijua, na ndilo limenileta kwenu.

Grupu letu la gemu lina watu kumi na wanne. Nitawatajia wawili tu, na majina ni ya kubandika. Ochi ni mvuvi wa Sindo, tumejuana miaka sita kwa gemu. Nilipovunjika mguu alitoka huko kwao hadi hospitalini na samaki wa kukaanga, na hata sura yangu alikuwa hajawahi kuiona. Achieng anauza viatu vya mtumba Oyugis. Wote wananiita Kamanda, na hilo jina sikujipa. Sawa, nilijipa, lakini walikubali.

Tulianza na gemu ya zamani. Hiyo, jameni, ilikuwa gemu. Picha mbaya, watu wana vichwa vya mraba kama matofali, ng'ombe na meza huwezi kutofautisha. Lakini haikuwa na maneno mengi. Unapiga adui, unaokota vitu vyake, unaongezeka nguvu, unaendelea. Swali likitokea, jibu la juu ni ndiyo, la chini ni hapana, basi. Nimeicheza miaka sita bila kusoma sentensi moja ya Kizungu. Kabla ya vita nilikuwa najisifu kwa maiki vile wazee wetu hujisifu kwa sherehe: "Mimi ndume wa Awendo! Nafyeka watu kama miwa, nawaacha wakiita mama zao!" Ochi anaitikia, "Ongeza, omera, ndugu yangu, ongeza!" Tukiingia vitani tulikuwa tumeshashinda.

Halafu mwaka huu ikaja hii mpya. Siwezi danganya, ni nzuri. Maji yake yanang'aa kuliko ziwa lenyewe, nywele za mtu zinapeperuka. Ochi akasema tuhame wote, tukahama. Wueh! Hii gemu inaongea kushinda chifu kwa baraza. Hata mbuzi ukimgusa anakupa ukurasa mzima wa Kizungu, chini yake majibu manne, uchague. Wenzangu wanasoma, wanacheka, wanabishana. Mimi nacheka wakicheka. Siku moja Achieng akaniuliza, "Kamanda, mbona wewe unajibu haraka hivyo?" Nikamwambia, "Mtu wa Form Four hasomi, anaangalia tu." Ndiyo, niliwaambia nimemaliza Form Four. Kwani nani angemfuata Kamanda wa darasa la sita?

Miezi miwili tulijenga kijiji ndani ya hiyo gemu. Ochi alichimba mawe kila siku akitoka ziwani. Achieng akazungusha ua wa miiba. Kila mtu akasimamisha nyumba yake, pakakaa kama dala, boma la ukweli, hadi ukipita unatamani kubisha hodi. Funguo za lango nikapewa mimi.

Jumamosi iliyopita mchana nilikuwa nimekaa juu ya rundo la miwa nikingoja trekta. Kwenye gemu akanijia mzee mmoja wa kofia nyekundu na ukurasa mrefu, lakini majibu mawili tu. Mawili! Nikasema leo Mungu amenikumbuka, ni kama ile gemu yetu ya kwanza. Nikabonyeza la juu. Jina langu likageuka dhahabu, likaanza kumetameta. Nikafungua maiki: "Mnaona ndume! Nani mwingine hapa ana jina la hivi?"

Halafu nikasikia sauti ya Achieng: "Yawa, Kamanda, umefanya nini?"

Maadui walikuwa ndani ya lango. Nyumba zote kumi na nne zilikuwa zinaungua. Baadaye nilirudi kwa kumbukumbu za gemu, nikapiga picha yale maneno, nikayatia kwa ile programu ya kutafsiri. Mzee alikuwa ameniuliza kama niko tayari kukabidhi kijiji kwa adui ili mimi peke yangu nipewe cheo. Ile dhahabu ni alama ya msaliti, na haifutiki. Mtaniuliza mbona sikutafsiri kwanza. Wenzangu wananingoja, mimi ni Kamanda, nianze kutafsiri?

Ochi aliongea mara moja tu. "Ningesema ni bahati mbaya, omera. Lakini wewe ni mtu wa Form Four, na yale maneno hata mtoto angeelewa. Ulitaka cheo." Akatoka kwenye grupu.

Achieng akaniandikia pembeni, "Sema tu kidole kiliteleza, nitakutetea." Nikaandika ukweli wote, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwisho nikatuma: "Kamanda hatelezi." Sijui nani alinituma. Tangu hapo hajajibu.

Sasa wameitana Oyugis Jumapili, wote, ana kwa ana. Ochi atakuja. Amesema nisipotokea nisiwahi kusema nao tena, na nikitokea nieleze kwa mdomo wangu kwa nini niliwauza. Nimejaribu kujifunza maneno ya kusema nikipakia miwa, nikifika katikati naanza upya. Mimi, mwenye kelele zote hizi! Kijiji ni picha tu, hilo najua. Lakini Ochi alinibebea samaki.

Nyinyi mliokaa darasani mkamaliza, nielekezeni. Niende wajue mimi ni mjinga na mwongo, ama nibaki hapa Awendo niitwe msaliti? Na tafadhali, nijibuni kwa Kiswahili.