Bwana Marejesho

Kila Jumanne bwana marejesho, anayekusanya malipo ya mkopo wa kikundi chetu cha wanawake, huvua viatu pembeni ya mkeka wetu, ingawa hakuna aliyewahi kumwambia avue. Chai hakubali. Sauti yake ni ya mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Tangu serikali itoe sheria mpya ya wadai, hutusomea kwanza: mdai haruhusiwi kutukana, kutisha wala kushika mali ya mtu. Kisha hukaa akimenya karanga, maganda akiyakusanya kiganjani asichafue ua. Haondoki mtu mpaka kikundi kizima kilipe.

Jumanne hii mwenzetu Sugiya alipungukiwa rupia mia tatu. Jua lilipanda, mwanangu akanyonya mpaka ziwa likakauka, na yule bwana hakusema neno. Wenzetu ndio waliosema.

"Wifi, hicho kipini cha puani unamringishia nani, na mume yuko kibaruani Panjabi?"

"Watoto wetu wanashinda njaa kwa ajili yako."

Kwetu mke huvua kipini akifiwa na mume tu. Sugiya alikivua, akakiweka mbele ya yule bwana.

"Siruhusiwi kukigusa, dada yangu," alisema kwa upole. "Mmoja wenu akakiweke rehani dukani. Mimi nitangoja."

Akamenya karanga nyingine.