Pembe ya Mzee Eligio

Kwa miaka thelathini Ña Blásida alivuka mto Paraná kama mtu anayetoka jikoni kwenda uani. Asubuhi yuko kwetu Encarnación, adhuhuri yuko Posadas kwa Waargentina, jioni amerudi na miguu imevimba. Alipeleka chipa, ile mikate yetu ya unga wa muhogo na jibini, akarudi na vitunguu na mafuta ya kupikia. Maofisa wa forodha wa pande zote mbili aliwajua mpaka majina ya mama zao. Vitunguu vikizidi kipimo, alisema ni vya shangazi yake mgonjwa. Shangazi huyo aliugua miaka thelathini na hakufa.

Ña ndivyo tunavyomwita mwanamke aliyekula chumvi, na yeye alikuwa ameila ya kutosha. Mimi ni jirani yake, ukuta wangu na wake ni mmoja, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu na mengine nimeyasikia kupitia ukutani.

Binti yake wa pekee, Nimia, alipata kazi ng'ambo, kwenye nyumba ya kufulia nguo. Hakuna aliyesikitika. Posadas unaiona kutoka kwetu, usiku unaweza kuhesabu taa zake. Kila Jumapili Nimia alivuka daraja, akala kwa mama yake, akanywa tereré na baba yake mzee Eligio, jioni akarudi. Tereré ndiyo kinywaji chetu cha mchana: majani makavu kwenye pembe ya ng'ombe, maji ya barafu juu, mrija mmoja wa chuma. Mmoja anamimina, pembe inazunguka, kila mtu anafyonza mpaka maji yaishe na kuirudisha. Mrija haufutwi. Ukiufuta umemwambia mwenzako kwamba mdomo wake mchafu, na hapo msishangae mkikosana.

Katika nyumba ile mmiminaji alikuwa mzee Eligio. Alikuwa fundi wa injini za mashua, mkimya, na maneno yake yote aliyatia kwenye ile pembe. Ukimuudhi, zamu yako ilichelewa.

Basi ikaja korona, daraja likafungwa. Tulidhani ni kwa wiki mbili. Katikati ya baridi, mwezi wa saba, moyo wa mzee Eligio ukasimama akiwa amekaa kwenye kiti chake. Nimia aliomba, alilia, alikwenda darajani upande ule akasimama mbele ya askari mpaka giza. Hakuruhusiwa. Mazishi ya baba yake aliyaangalia kwenye simu niliyoishika mimi, na kila nilipojifuta machozi simu iliinama, nusu ya mazishi akaona viatu vya watu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tangu siku ile Ña Blásida hakuwa na haja nyingine duniani ila moja: Krismasi imkute amemkumbatia mwanawe. Hakuomba daraja lifunguliwe wala biashara irudi. Aliniambia, "Obdulia, huyu mtoto hajashikwa na mtu tangu baba yake afe. Mtu hafiwi hivyo, peke yake, kama mbwa."

Mwezi wa kumi na moja zikaanza habari kwamba wenyeji wataruhusiwa kurudi nyumbani kwa sikukuu. Wataruhusiwa vipi, hapo ndipo kila mwenye mdomo alikuwa na sheria yake. Muuza barafu alisema ukivuka unapelekwa shuleni, unalala darasani na watu usiowajua mpaka karantini iishe. Mke wa mwashi akasema hapana, hiyo ilikuwa zamani, siku hizi unapimwa tu puani na kwenda zako. Redio ya asubuhi ikatangaza hivi, ya jioni ikajisuta. Ña Blásida alikwenda darajani kumuuliza askari, askari akamwambia arudi Jumatatu. Jumatatu akakuta askari mwingine, naye akamuuliza yeye kama amesikia lolote.

Mwishowe nesi Celsa wa kituo chetu cha afya ndiye aliyetupa jambo la kushika. Karantini inaweza kufanyika nyumbani, mradi mgeni awe na chumba chake na choo chake, asigusane na mtu. Alisema hivyo halafu akaongeza, "Kwa leo." Maskini, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, anazunguka mtaa mzima kwa pikipiki kukagua waliojifungia, na kila neno alilosema alilimalizia hivyo.

Chumba kilikuwepo kimoja tu, karakana ya marehemu. Tangu mazishi haikufunguliwa. Siku ile Ña Blásida aliifungua, akasimama mlangoni, harufu ya dizeli na tumbaku ikatoka kumpokea. Nilimwambia aniache mimi nifagie. Akasema hapana. Alitoa spana moja moja, akaifuta, akaipanga kwenye sanduku kana kwamba mwenyewe atakuja kukagua. Mume wangu akajenga choo cha haraka nyuma, tukaingiza kitanda, tukapiga chokaa. Pembe ya mzee aliikuta imening'inia msumarini. Pembe isiyotiwa maji hupasuka, kwa hiyo tangu siku hiyo kila alasiri aliijaza, akaiacha kidogo, akamwaga maji kwenye shina la mpera. Kuinywea hakuinywea.

Nimia alivuka mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, na cheti chake cha vipimo mkononi na barakoa mbili usoni. Mama yake alisimama mbali kama alivyoamriwa. Binti akaunganisha viganja kuomba baraka, kama tunavyofanya sisi kwa wazazi, mama akachora msalaba hewani. Halafu wakabaki wanatazamana, uwanja mzima katikati yao. Nilijifanya nafukuza kuku.

Ikawa ndiyo desturi. Kila alasiri Ña Blásida anaweka kiti chini ya dirisha la karakana, mimi changu pembeni, Nimia ndani na pembe yake, mama na pembe yake, mimi na yangu. Redio ilikuwa imesema hivyo, kila mtu na mrija wake. Tulitii. Tereré ya namna hiyo haina ladha, ni maji tu yenye majani, lakini tulitii. Karantini ilikuwa iishe asubuhi ya mkesha wa Krismasi. Mama alikuwa amekwisha nunua jibini ya chipa, amekwisha kunituma matawi ya kujengea pango la Mtoto Yesu na ua la mnazi la kuning'iniza, kwa maana kwetu Krismasi isiyonukia ua hilo haijafika.

Siku mbili kabla, nesi Celsa hakuja. Ilikuja redio. Wagonjwa wameongezeka ng'ambo, waliotoka huko karantini yao inasogezwa mbele mpaka baada ya mwaka mpya.

Sikusikia kelele kupitia ukutani. Ningesikia kelele ningekuwa na amani. Alasiri nilipokwenda nilimkuta Ña Blásida kwenye kiti chake, mafuta ya uso hakupaka, na Nimia ameweka paji la uso kwenye nondo za dirisha, barakoa imeshuka kidevuni, analia taratibu kama mtu aliyechoka hata kulia. Joto la siku hiyo lilikuwa la kuku kutandaza mbawa.

Ña Blásida akachukua pembe ya mzee, akaijaza kama kila siku. Ila safari hii alitia majani na mrija, wala hakuyamwaga maji. Aliitazama, akaipenyeza dirishani. Nimia akaipokea, akafyonza mpaka mrija ukakoroma, akairudisha. Mama akajaza tena, akaweka mrija mdomoni, akanywa macho yamefumba. Akajaza tena, na mkono wangu ulikuwa umekwisha nyooka kuipokea zamu yangu.

Wasemao mazoea yana tabu hawakukosea. Nilikuwa nimekaa pale na masikio yangu yote na akili zangu zote, na sikuona kosa lolote. Nilichoona ni pembe inazunguka kama inavyotakiwa, na kwa mara ya kwanza tangu baridi nikahisi dunia imekaa sawa.

Pikipiki ikanguruma getini. Nesi Celsa akaingia na jasho linamchuruzika, amekuja mwenyewe kutupa habari tuliyokwisha kuipata. Mgeni hatanguliwi na mtu kwenye tereré. Ña Blásida akaipitisha pembe mbele ya pua yangu, akampa yeye. Nesi akaipokea, akainamisha kichwa kufyonza, na ncha ya mrija ikagonga barakoa yake.

Pale ndipo tulipozinduka sote wanne. Kuku tu ndio walioendelea na shughuli zao.

Nesi aliutazama mrija. Akamtazama Nimia dirishani na barakoa yake ya kidevuni, akatutazama sisi.

"Nani amekunywa hapa?"

Mwanamke huyu aliyewadanganya forodha miaka thelathini, aliyemuuguza shangazi asiyekuwepo, mara hii hakuwa na uongo hata mmoja. "Yeye, halafu mimi," alisema. "Obdulia alikuwa bado. Baada yako ndiyo ingekuwa yake."

"Unajua wanaovunja wanapelekwa wapi?"

"Shuleni. Nipeleke mimi, mwanangu. Mkono uliotoa ni wangu. Huyu mwache hapa."

"Shuleni wamejaa mpaka kwenye korido, nikakuweke wapi, ubaoni?" Nesi akajitupa kwenye kiti bila kukaribishwa, pembe bado mkononi. Ilikuwa karantini nzima anapita nyumbani kwetu na sijawahi kumwona amekaa. Akaanza kucheka, mabega yakatikisika, na katikati ya kicheko nikaona siyo kicheko tena. Akasema toka mwezi wa tatu hajanywa tereré na mtu, kwamba hata na dada yake wanakunywa kila mmoja kwenye pembe yake, kwenye vyumba viwili, wanaongea kwa simu. Halafu akanigeukia mimi kwa ukali. "Na mimi sijanywa. Obdulia, umeona sijanywa."

"Nimeona, nesi. Imekunywa barakoa."

Akajifuta macho kwa kiwiko, akasimama, akawa nesi tena. Alimwambia Ña Blásida kwamba kifua chake ni kibovu tangu zamani na kwamba alichokifanya ni upumbavu wa kuua mtu. Ña Blásida akaitikia kila neno kwa kichwa, kama mtoto.

"Sasa wewe huna tofauti na yeye," nesi akasema. "Kama anao, unao. Ukizunguka mtaani na kapu lako la chipa utatumaliza. Ingia humo ndani, hutoki mpaka nikutoe mimi."

"Humo wapi?"

"Karakana."

"Na yeye?"

"Na yeye. Au una chumba kingine chenye choo?"

Ña Blásida alibaki amekaa, mikono mapajani, na nilimwona akiigeuza ile habari kichwani polepole, akiikagua kama noti anayoshuku ni bandia.

"Mpaka lini, nesi?"

"Mpaka baada ya mwaka mpya. Kwa leo," alisema nesi Celsa. "Usipitie hata jikoni. Obdulia atakuletea nguo."

Nikuambie mapema usije ukapandisha presha: hakuna aliyeugua. Nesi alikuja na pamba zake za puani mara mbili, na mara zote alituondolea hofu. Wapo mtaani wanaosema Ña Blásida alifanya makusudi, kwamba mwanamke aliyepitisha magunia ya vitunguu mbele ya bunduki hashindwi kujipitisha mwenyewe kwenye mlango wa karakana. Waseme. Mimi nilikuwepo, mkono wangu mwenyewe ulikuwa hewani unaingoja pembe ile, na mimi makusudi yangu yalikuwa yapi?

Alisimama, akajifunga kanga yake ya kichwa vizuri, akavuka uwanja. Ni hatua chache, lakini alizitembea kwa uzito kuliko daraja zima. Nimia alikuwa amekwisha fungua komeo. Hakutoka, alirudi nyuma mpaka kitandani, mikono kifuani, kama anayeogopa kwamba redio itasema kitu kingine kabla mama hajafika.

"Mama," alisema, "mimi hata baba sijamlia."

"Najua. Ndiyo nimekuja tumlie."

Akamkumbatia. Sauti iliyotoka kwa Nimia sitaieleza. Ilikuwa ya mwezi wa saba, imengoja miezi yote hiyo.

Nesi Celsa alikuwa anavaa helmeti yake bila haraka, amegeukia ukuta. Nilichukua pembe kitini alipoiacha, nikamwaga maji kwenye mpera, nikaiweka dirishani mahali wataifikia. Kisha nikaurudisha mlango, nikaenda kuwasha tanuri, maana chipa za Krismasi zilikuwa zimebaki juu yangu, na pango lenyewe sikujua nilijenge wapi kama si hapo hapo chini ya dirisha.